Pikipiki ikipungua nguvu, mtaji nao unavuja

MFANYABIASHARA wa Msamala, katika Manispaa ya Songea, anayemiliki pikipiki mbili au tatu za bodaboda, kwa kawaida husikia habari za injini mwisho kabisa. Wa kwanza kujua ni dereva, anayeona petroli ya asubuhi haifiki jioni. Wa pili ni abiria, anayeombwa ashuke kidogo kwenye mwinuko wa kuelekea Matogoro. Tajiri huambiwa siku hesabu inapopelea, na maelezo anayopewa mara nyingi ni ya sentensi moja: "Bosi, injini imekwisha."

Sentensi hiyo ina gharama zake. Maana yake ni pistoni mpya, ringi, kuchonga silinda, gasketi, oili na siku kadhaa ambazo chombo kimeegeshwa kwa fundi. Wakati mwingine ni kweli imekwisha. Lakini injini nyingi zinazofunguliwa kwa hukumu hiyo zina chujio la hewa lililoziba, tepeti zilizobana, klachi inayoteleza, au upungufu wa oili ambao kijiti cha kupimia kingeusema bure mwezi mmoja kabla. Tajiri asiyejua tofauti hulipia pistoni, na ugonjwa wenyewe hubaki ndani.

Jambo hili si dogo kwa soko la Songea. Tangu kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilipotolewa mwaka 2010, pikipiki imekuwa mtaji wa kwanza wa watu wengi wenye akiba ya kati: mwalimu, muuza duka, mkulima aliyeuza mahindi, mjane aliyepata kiinua mgongo. Ni kitega uchumi kinachorudisha fedha kila siku, ila kila siku pia kinachakaa. Tofauti na shamba au kibanda cha kupangisha, hiki kinaweza kufa kwa safari moja ya Peramiho bila oili.

HESABU ISIYOANDIKWA

Uchukuliwe mfano wa pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ikiwa nzima na kwenda kilomita 45 kwa lita moja, inakula lita 2.2 hivi kwa siku. Ikipungua nguvu, dereva huvuta mafuta zaidi na kutumia gea ndogo, na lita ile ile sasa inaishia kilomita 35. Matumizi yanapanda hadi karibu lita 2.9. Kwa mwezi, nyongeza hiyo ni lita 16 na nusu. Kila mmoja anaweza kuzidisha kwa bei ya petroli ya wiki hii.

Fedha hizo kwanza hutoka mfukoni mwa dereva, kwa sababu mafuta ni yake. Ndiyo maana tajiri hazioni. Baada ya wiki mbili dereva huanza kuchelewesha hesabu, kisha kupunguza, na ugomvi unaofuata huwa juu ya uaminifu badala ya injini. Hesabu ikiwa shs. 10,000 kwa siku, siku tano za kuegesha pikipiki kwa fundi ni shs. 50,000 zilizopotea kabla ya kununua spea hata moja. Lita moja ya oili, ambayo ndiyo kiasi kinachoingia takriban katika injini ya cc 100 hadi 150, ni sehemu ndogo ya fedha hizo.

Kwenye mikataba ya "mpaka iwe yako" tatizo huwa kubwa zaidi. Dereva analipa kila siku mpaka chombo kiwe chake. Injini ikifa katikati ya mkataba, tajiri anadai fedha zake na dereva anadai chombo kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Mikataba mingi hutaja kiasi cha hesabu na siku ya kumaliza, ila haitaji nani ananunua oili na kila baada ya kilomita ngapi. Mstari huo mmoja ungepunguza mashauri mengi.

KUANZIA KWENYE RAHISI

Fundi mzuri hatangulizi spana. Huanza na swali: nguvu zimepotea ghafla au polepole? Injini iliyopoteza nguvu kwa siku moja mara nyingi ina tatizo la mafuta au umeme. Ile iliyolegea kidogo kidogo kwa miezi ndiyo inayotiliwa shaka ringi na valvu.

Kisha hukagua vitu ambavyo si vya injini kabisa. Gurudumu linyanyuliwe kwenye stendi kubwa na kuzungushwa kwa mkono. Breki inayobana au cheni iliyokazwa mno inakula nguvu na mafuta bila kutoa moshi wala kelele. Waya wa klachi utazamwe: mkono wa klachi unatakiwa uwe na mchezo kidogo, sentimita moja hadi mbili kwenye ncha, kabla ya kuanza kuvuta. Waya ukiwa umekazwa, klachi haishiki sawasawa. Dalili yake ni rahisi. Pikipiki ikiwa gea ya tatu au ya nne, dereva avute mafuta ghafla. Mlio ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Kuna watu wameuziwa pistoni kwa ugonjwa wa waya.

Hatua inayofuata ni hewa na mafuta. Barabara za vumbi za vijijini huziba chujio la hewa, lile mafundi wanaloita ea klina, haraka kuliko vitabu vya watengenezaji vinavyodhani. Injini isiyopata hewa hutoa moshi mweusi, hula petroli na kukosa nguvu mlimani. Kuliondoa kabisa ili "ipumue", kama wanavyofanya baadhi ya madereva, ni kuipa silinda vumbi moja kwa moja. Vumbi hilo likichanganyika na oili huwa kama msasa. Kifuniko cha tenki nacho kina tundu dogo la hewa. Likiziba, pikipiki huenda kilomita kadhaa kisha hufifia, na ikifunguliwa kifuniko hupona. Fundi wa kweli hucheka anapoligundua hilo, na hatozi kitu.

Petroli yenyewe ina historia. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka kemikali ya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hata hivyo petroli ya chupa na madumu ya njiani haina anayeipima. Mafuta ya taa yakiwamo, injini hugonga ikibeba mzigo, hutoa moshi, na sehemu isiyoungua huteremka hadi kwenye oili.

Plagi husema mengi kwa anayejua kuisoma. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya injini yenye afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Weusi wa majimaji wenye mafuta mazito ni oili inayoingia chumba cha moto. Nyeupe kama chokaa ni joto kupita kiasi, pengine kwa sababu ya mafuta machache mno au hewa inayovujia ndani baada ya kabureta.

Halafu kuna tepeti. Hapa ndipo wenye pikipiki wengi wanapojiumiza wenyewe. Tepeti zikigonga kidogo, tajiri huona aibu na kumwagiza fundi azikaze. Injini hutulia, kila mtu hufurahi, na baada ya wiki nguvu zinapungua ikipata moto. Chuma kikipata joto hutanuka. Valvu isiyo na nafasi haifungi kabisa, mgandamizo huvuja, na valvu ya moshi huungua kwa sababu haigusi kiti chake vya kutosha kupoa. Kwa injini ya Honda CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08, hupimwa injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha bati jembamba na si kwa kusikiliza. Tepeti inayosikika kidogo ni afadhali kuliko iliyonyamazishwa.

Mnunuzi anayeleta pikipiki kutoka pwani asishtuke pia. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Pikipiki ile ile iliyokuwa Dar es Salaam itakuwa pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi ikifika Msamala, bila ubovu wowote. Anayepanda kutoka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenda Mbinga huliona jambo hilo ndani ya safari moja. Hilo si la kupeleka kwa fundi.

OILI NDIYO DAFTARI LA INJINI

Katika gari, oili ya injini na ile ya gea ni vitu viwili. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, lita hiyo moja inalainisha pistoni, kamshafti, gea na klachi kwa pamoja. Gea huikatakata na kuifanya nyepesi, klachi huitia unga, na joto huiunguza. Ndiyo sababu oili ya pikipiki huchoka mapema. Pikipiki ya kilomita 100 kwa siku hufikisha kilomita 2,600 kwa siku 26 za kazi, kwa hiyo anayebadilisha "kila baada ya miezi mitatu" tayari yuko karibu na 8,000.

Si kila injini inavumilia sawa. Honda walibuni CG125 katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako matengenezo hayapatikani mara kwa mara. Kamshafti yake iko chini, karibu na oili, na valvu zinasukumwa kwa fito. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, na ndiyo mzizi wa pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mikoani. Injini ambazo kamshafti iko juu kichwani na kuzungushwa kwa cheni, kama za Bajaj Boxer, hutegemea pampu ipandishe oili mpaka huko. Oili ikipungua, huko juu ndiko hukauka kwanza. Kamshafti hulika, valvu hazifunguki vya kutosha, na nguvu hupungua hata kama pistoni ni mpya.

Pikipiki hizi kwa kawaida hazina taa ya kuonya oili. Kijiti ndiyo taa yenyewe, na wengi hukisoma vibaya. Pikipiki isimamishwe wima kwenye stendi kubwa, mahali palipo sawa. Ikiegemea stendi ya pembeni kipimo ni uongo. Injini iwashwe dakika chache, izimwe, isubiriwe dakika mbili au tatu, kijiti kifutwe, kisha kisome. Kwa injini za aina ya CG kijiti hutumbukizwa bila kukizungusha kwenye nyuzi zake. Nyingine zina kioo kidogo ubavuni.

Oili ikiwa chini ya alama, kuongeza tu hakutoshi. Lazima ijulikane imekwenda wapi. Kama haionekani ikivuja kwenye sili na gasketi, imeungua. Ikiwa juu ya alama, hilo nalo ni ugonjwa. Aliyejaza kupita kiasi ameizidishia injini mzigo wa kukoroga oili, na ziada hupumuliwa kwenye chujio la hewa na kuleta moshi wa bluu ambao fundi mvivu ataulaumu ringi. Lakini iwapo hakuna aliyeongeza na kiwango kimepanda chenyewe, kijiti kinuswe. Harufu ya petroli maana yake sindano ya floti kwenye kabureta haifungi, na mafuta yanateremka usiku bomba likiachwa wazi. Oili hiyo imekuwa maji. Beringi hazina kinga. Rangi ya maziwa ni maji ya kweli, mara nyingi baada ya kuvuka mito wakati wa mvua, na isitumike hata kwa safari moja.

Kwa upande wa aina ya oili, namba na herufi za kopo si mapambo. Namba yenye W, kama 20W-50, inaonyesha tabia ya oili ikiwa baridi. Oili nzito ya namba moja tu, kama 40, asubuhi ya Juni au Julai hapa Songea huchelewa kupanda kichwani, na dereva anayepiga resi mara tu baada ya kiki anakwangua chuma kikavu. Oili za magari madogo ya kisasa zilizotiwa dawa ya kupunguza msuguano huweza kuitelezesha klachi, kwa kuwa klachi ya pikipiki huoga kwenye oili hiyo hiyo. Wajapani waliweka kipimo chake mwaka 1998, na kopo linalofaa huandikwa JASO MA au MA2. Maandishi 4T ni ya injini hizi. 2T ni ya pikipiki za zamani zinazochanganya oili na petroli, kama baadhi ya Yamaha zilizoletwa na miradi, na kwa hizo moshi wa bluu kidogo ni kawaida yake.

Oili ya kupima kutoka pipa lisilo na jina ni rahisi kwa sababu muuzaji hawajibiki nayo. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, na viwango viko chini ya TBS, lakini ulinzi wa kwanza uko dukani: kizibo chenye muhuri, na risiti. Kopo likiisha litobolewe. Makopo mazima matupu yana wanunuzi wake, na hawayanunui kwa ajili ya maua.

Lipo kosa moja linalofanywa na mafundi wenyewe. Wakifunga injini hupaka gundi ya gasketi kwa ukarimu. Inayozidi hukatika ndani, huelea, na kuishia kwenye wavu wa oili au kwenye tundu jembamba la kupandishia oili kichwani. Injini iliyofanyiwa ovahoo Jumatatu hunoki Ijumaa, na lawama huangukia spea feki. CG125 haina chujio la karatasi. Ina wavu chini na kikombe kinachozunguka kukamata uchafu, na vyote viwili husafishwa kwa mkono au havisafishwi kabisa. Kabla ya kupokea chombo, tajiri aombe kifuniko cha tepeti kifunguliwe injini ikiunguruma polepole kwa muda mfupi. Oili ionekane ikifika. Isipofika, fedha ya fundi isubiri.

MOSHI NA KIKI

Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke tu. Mweusi ni petroli nyingi. Wa bluu ndio wa oili, na wakati wake unaonyesha chanzo. Ukitoka injini inapowashwa baada ya kulala, au dereva anapoteremka mlima ameachia mafuta kisha akavuta tena, sili za valvu zimechoka; hizo ni bei ndogo. Ukitoka mfululizo, na kuzidi akibeba mzigo, ringi na silinda zinahusika.

Kiki ikiwa nyepesi kama ya kitoto, mgandamizo umevuja. Kabla ya kufungua, plagi itolewe na mgandamizo upimwe kwa geji. Kisha kijiko kimoja cha chai cha oili kitiwe kwenye tundu la plagi na upimwe tena. Ukipanda sana, oili imeziba pengo la ringi: ugonjwa uko chini. Usipopanda, unavujia kwenye valvu au gasketi ya kichwa, na hakuna haja ya kununua pistoni. Kipimo hicho huchukua chini ya nusu saa. Fundi asiye na geji si lazima awe mbaya, ila anayekataa kupima aachwe.

Kwa mnunuzi wa pikipiki iliyotumika, maarifa haya yote hufanya kazi kabla ya fedha kutoka. Injini iguswe kwa mkono kabla ya kuwashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaificha dalili, na mnunuzi arudi kesho asubuhi. Oili mpya nzito kupita kawaida huzima kelele na moshi kwa siku chache. Bolti ya kumwagia oili ifunguliwe, na oili itazamwe juani kwenye sahani nyeupe: vimetameta ndani yake ni beringi au kamshafti inayoondoka. Muuzaji akikataa, bei ihesabiwe kama ya pikipiki inayohitaji ovahoo, kwa kuwa huenda ndivyo ilivyo. Kadi ya usajili ilinganishwe na namba za injini na fremu wakati huo huo.

Msimu nao una sauti yake. Mahindi yakianza kununuliwa, na wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, NFRA, wakifungua vituo vyao vya Kanda ya Songea, kila pikipiki inatakiwa barabarani na magunia hupandishwa juu ya viti vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Injini dhaifu hujitokeza hapo. Anayetaka ovahoo aifanye kabla ya mavuno, mafundi wakiwa na nafasi na spea hazijapanda bei. Na injini iliyotoka kufungwa ringi mpya isipewe gunia wiki ya kwanza, ibadilishwe oili ifikapo kilomita 500, na dereva aelezwe hivyo mbele ya fundi. Matajiri wengi huirudisha kwenye mzigo siku hiyo hiyo ili kufidia hesabu zilizopotea. Ringi hazipati muda wa kukaa vyema kwenye silinda, na moshi wa bluu hurudi kabla ya mahindi kwisha ghalani.